BMI, tepu ya kiuno au kipimo cha misuli: kipi kiandamane na kipimo cha mapafu?

Tuseme wanawake wawili wamepimwa mapafu asubuhi moja kwenye kliniki ya kifua. Kila mmoja ana miaka 45 na urefu wa sentimita 160. Karatasi zao zinafanana tarakimu kwa tarakimu. FVC, yaani hewa yote mtu anayoitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua, ni asilimia 72 ya ile inayotarajiwa. FEV1, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, imeshuka kiasi hichohicho. Uwiano wa FEV1 kwa FVC ni 0.83, maana yake hakuna dalili ya njia za hewa kuziba. Sasa watazame wenyewe. Mmoja ana kilo 92 na kiuno cha sentimita 112. Mwenzake ana kilo 43, na miaka michache iliyopita alimaliza dozi ya kifua kikuu.

Ukiwaandikia wote wawili jibu moja, "ujazo wa mapafu umepungua", hujamsaidia hata mmoja.

Mashine haina kosa. Kiwango kinachotarajiwa hukokotolewa kwa umri, jinsia na urefu. Milinganyo ya GLI (Global Lung Function Initiative, mradi wa kimataifa wa viwango vya mapafu) iliyotoka 2012, inayofaa watu wa miaka 3 hadi 95, iliongeza na kundi la asili ya mtu. Toleo la GLI Global la 2022 likaliondoa kundi hilo. Yote mawili hayana uzito ndani yake. Spirometa nyingi, yaani mashine za kipimo hiki cha pumzi (spirometria), huuliza kilo, na mhudumu huziingiza kwa uangalifu, lakini kilo hizo hazigusi hesabu ya asilimia. Naona ni sawa zisiguse. Kama unene ungewekwa kwenye mlinganyo, mtu angenenepa huku kiwango chake kinachotarajiwa kikishuka pamoja naye, na karatasi ingeendelea kusema yuko salama.

Basi kazi inabaki kwa anayesoma karatasi. Pembeni ya spirometria aweke kipimo gani cha mwili? Ushauri wangu nautanguliza: kwa mwenye tumbo, tumia tepu, kwa aliyekonda, pima misuli, BMI (kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni ya kupigia hodi tu. Sababu ziko hapa chini, pamoja na mahali ambapo ushauri wenyewe unakwama.

Mafuta husukuma, misuli huvuta

Ukitoa pumzi ya kawaida bila kujikaza, mapafu hayaishiwi hewa. Kiasi kinachobaki, kinachoandikwa FRC, hutokana na mvutano: mapafu yanataka kunywea, kifua kinataka kutanuka. Mafuta yaliyojaa tumboni huisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na mafuta ya kifuani hulemea mbavu. Upande wa kunywea unashinda.

Katika utafiti waliouchapisha 2006, Jones na Nzekwu walionyesha kwamba upungufu huu huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mtu akifikia BMI ya 30, FRC yake ilikuwa asilimia 75 ya ile ya mtu mwenye BMI ya 20. Hewa ya akiba, ile unayoweza kuisukuma nje baada ya pumzi ya kawaida (ERV), ilikuwa asilimia 47. Lakini ujazo wa mapafu yote kwa jumla (TLC) ulibaki ndani ya kiwango cha kawaida hata kwa walionenepa sana. Jambo hili nalirudia mara kwa mara kwa wenzangu kazini: mafuta hula akiba ya mwisho wa pumzi kwanza, tena hula nyingi, huku FVC ikipungua kidogo kidogo. Ukiona FVC imeporomoka sana, usikimbilie kuulaumu mwili.

Akiba ikipungua hivyo, vinjia vidogo vya hewa sehemu ya chini ya mapafu hujifunga kabla pumzi haijaisha. Mtu anahema akipanda ngazi. Akilala chali anasikia mluzi kifuani. Anapewa inhela ya pumu, na wakati mwingine anaitumia miaka. Spirometria yake inaweza isionyeshe lolote, kwa kuwa FEV1 na FVC hushuka pamoja na uwiano ukabaki palepale au hata kupanda kidogo. Nchini Kanada, utafiti uliotoka 2008 uliwapima upya kwa kina watu waliokwisha kuambiwa wana pumu. Karibu theluthi yao, wanene kwa wembamba, hawakuwa nayo. Unene si kinga ya pumu wala si uthibitisho wake. Mtu mnene mwenye mluzi anastahili kupimwa kabla na baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, sawa na mtu mwingine yeyote.

Misuli inafanya kazi ya upande wa pili. Kujaza kifua mpaka juu kunahitaji kiwambo chenye nguvu. Kukamua hewa ya mwisho kunahitaji misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu. Misuli ikisinyaa, mtu hafiki juu akivuta pumzi, na hafiki chini akiitoa. FVC inaliwa pande zote mbili. Kwenye karatasi ya spirometria upungufu huu unafanana kabisa na ule wa mafuta, na unafanana na ule wa makovu ya kifua kikuu. Ndiyo maana wale wanawake wawili wana namba zilezile.

BMI: rahisi, na hudanganya kwa upole

BMI ipo tayari kwenye kila kadi, haina gharama, na mgonjwa mwenyewe anaijua. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Shida ni kwamba inapima wingi wa mtu, haipimi wingi huo umetokana na nini wala umekaa wapi.

Hamali wa bandarini mwenye BMI ya 28 na kiuno cha sentimita 84 anaweza kupuliza FVC inayozidi ile inayotarajiwa, kwa sababu uzito wake ni misuli. Mwanamke ambaye mafuta yake yako kwenye nyonga na mapaja anaweza kuwa na BMI ya 32 na kiwambo kinachoshuka bila kizuizi kikubwa. Kinyume chake, wako waliotumia kwa miaka dawa za zamani za kupunguza makali ya VVU, wakabaki na miguu na mikono membamba huku tumbo likijaa. BMI yao inasoma 23, na kila mtu anaridhika. Mwenye moyo ulioshindwa anaongezeka kilo kwa maji ya miguuni, na BMI inayaita maji hayo unene.

Hata hivyo siitupi. Kuna mahali pawili inapobeba uamuzi mzito. Mahali pa kwanza ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa (COPD): alama za BODE, zilizochapishwa na Celli na wenzake mwaka 2004, zinamwongezea mgonjwa pointi moja ya hatari BMI ikiwa 21 au chini. Angalia, ni 21, siyo 18.5. Mgonjwa wa COPD mwenye BMI ya 20, ambaye wengine wangempongeza kwa wembamba wake, anabeba hatari ambayo FEV1 peke yake haiioni. Mahali pa pili ni mtu mwenye BMI ya 30 au zaidi anayesinzia mchana na kuamka na kichwa kinachouma. Huyo swali lake ni kama anapumua vya kutosha, na jibu liko kwenye damu ya ateri: kabonidayoksaidi inayozidi 45 mmHg akiwa macho. Spirometria nzuri isimrudishe nyumbani.

Tepu ya kiuno: chaguo langu kwa mwenye tumbo

Tepu ya fundi cherehani inatosha. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mtu amesimama wima, na usome mwisho wa pumzi ya kawaida. Khanga au mkanda uliobana uondolewe, kwanza kwa ajili ya tepu, pili kwa ajili ya spirometria yenyewe, maana kilichobana tumbo kinabana pumzi. Mipaka inayotumiwa sana ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kama dalili ya hatari iliyoongezeka, 102 na 88 kama hatari kubwa. Ukitaka kanuni inayozingatia urefu, kiuno kisizidi nusu ya urefu.

Kinachonifanya niipende tepu ni kwamba inasema na mapafu moja kwa moja. Utafiti mwingine wa Kanada, uliochapishwa 2007, ulipata kwamba kila sentimita moja ya kiuno inayoongezeka iliendana na pungufu la wastani la mililita 13 za FVC na mililita 11 za FEV1, na uhusiano huo ulikuwepo hata kwa watu wenye uzito wa kawaida. Chukua yule mwanamke wa kilo 92. Kiuno chake kimezidi sentimita 82, ambacho kingekuwa nusu ya urefu wake na ziada kidogo, kwa sentimita 30. Zidisha kwa 13: mililita 390. FVC inayotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wake ni kama lita 3, hivyo tumbo linaeleza takriban asilimia 13. Yeye amepungukiwa na asilimia 28.

Zaidi ya nusu ya pengo haijaelezwa.

Hesabu hii ni ya makadirio, imetokana na wastani wa watu wa nchi nyingine, na haimhukumu mtu mmoja. Lakini inazuia kosa ninaloliona baya zaidi kwa wagonjwa wanene: kuambiwa "punguza uzito" na faili kufungwa, huku ndani ya kifua kuna makovu, au moyo uliovimba, au kiwambo kilichopooza upande mmoja. Tepu inakupa namba ya kusema: mafuta yanaweza kuchukua hiki, kilichobaki tukitafute.

Inakwama wapi? Tumbo si mafuta daima. Ujauzito, maji ya ini, bandama lililovimba, uvimbe wa kizazi, vyote vinaongeza kiuno. Kwa pumzi ya wakati huo tofauti si kubwa sana, kwani kiwambo hakiulizi kinachokisukuma ni nini. Kwa matibabu tofauti ni mbingu na ardhi. Na kwa mtu aliyekonda tepu ya kiuno haina la kusema kabisa. Kiuno cha sentimita 66 hakikwambii kama misuli ipo.

Kipimo cha misuli: chaguo langu kwa aliyekonda

Mashine ya bayoimpidansi hupitisha umeme hafifu mwilini. Misuli yenye maji huupitisha vizuri, mafuta huuzuia, na kutokana na upinzani huo mashine hukadiria kilo zisizo na mafuta. Gawa kilo hizo kwa urefu wa mita ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, unapata FFMI. Chini ya 17 kwa wanaume na chini ya 15 kwa wanawake huhesabiwa kuwa misuli imepungua.

Mwanamke wetu wa kilo 43: tuseme kilo 9 ni mafuta na 34 ni mwili usio na mafuta. 34 ukigawa kwa 2.56 ni 13.3. Hapo sasa FVC yake ya asilimia 72 ina mshukiwa wa pili kando ya makovu ya kifua kikuu. Na kuna wagonjwa wa COPD ambao kipimo hiki ndicho pekee kinachowafichua: BMI yao ni 24, inaonekana safi, kumbe misuli imeyeyuka na mafuta yamejaza nafasi.

Mashine hii ina masharti, na mizani za nyumbani zenye vyuma vya kukanyagia zina masharti yaleyale. Mtu asiwe ametoka kula, kufanya mazoezi au kunywa maji mengi. Mwenye miguu iliyovimba maji atasomeka kama mwenye misuli mingi, jambo ambalo ni hatari kwa kuwa mara nyingi ndiye dhaifu zaidi. Mwenye betri ya moyo asipimwe nayo. Tena hesabu iliyo ndani ya mashine ilitengenezwa kwa watu fulani, na hao si lazima wawe watu wa Tabora au Kisumu. Kwa hiyo namba yake naiamini zaidi katika kulinganisha mtu na nafsi yake baada ya miezi, kuliko katika kumlinganisha na jirani.

DXA, inayotumia eksirei za nguvu mbili tofauti, ni sahihi zaidi na huonyesha misuli ya kila kiungo. Ipo katika hospitali chache, na kwa swali la spirometria sioni sababu ya kumsafirisha mgonjwa kwa ajili yake.

Kituo kisicho na bayoimpidansi hakijakwama. Tepu ya MUAC ya mkono wa juu ipo karibu kila zahanati. Mzingo wa shavu la mguu ulio chini ya sentimita 31 kwa mzee ni ishara ya misuli kupungua, mradi mguu haujavimba. Na mwombe mgonjwa ainuke kitini mara kadhaa bila kushika mikono; utajifunza zaidi ya unavyodhani.

Baada ya kuujua mwili, ni kipimo gani cha mapafu kifuate?

Kwa mwenye tumbo, kipimo kinachofunga mjadala ni TLC, kwa njia ya heliamu au ndani ya kile kibanda cha kioo cha pletismografia. TLC ikiwa ya kawaida, hakuna mapafu yaliyosinyaa, haidhuru FVC imesema nini. Maabara zenye kifaa hicho ni chache kwetu, hivyo mara nyingi utaamua kwa tepu, eksirei ya kifua na usikivu wako. Ikipatikana DLCO, kipimo cha jinsi gesi inavyopita kutoka mapafuni kwenda kwenye damu, itumie: kwa unene mtupu huwa ya kawaida au juu kidogo. Ikiwa chini, mafuta yaondolewe kwenye orodha ya washukiwa. Tafuta ugonjwa wa mapafu yenyewe au wa mishipa yake.

Kwa aliyekonda, ningeanza na nguvu ya misuli ya kupumua, inayopimwa kwa kifaa kidogo mgonjwa anapovuta kwa nguvu dhidi ya njia iliyozibwa (MIP). Ikiwa dhaifu na eksirei ni safi, tatizo liko kwenye misuli. Ikiwa nzuri na eksirei ina makovu, tatizo liko kwenye mapafu. Mara nyingi kwa waliougua kifua kikuu yote mawili yapo, na lishe pamoja na mazoezi ya kupumua vinarudisha kile ambacho makovu hayakukichukua. DLCO kwake isomwe pamoja na wingi wa damu, kwani upungufu wa damu huishusha, na waliokonda wengi wetu wana upungufu huo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakidai kifaa kipya: rudia FVC mgonjwa akiwa amelala chali. Ikishuka kwa zaidi ya robo kulinganisha na aliyoipuliza akiwa ameketi, kiwambo ni dhaifu.

Kuhusu mkao, mtu mnene mara nyingi huvuta pumzi ndefu zaidi akisimama kuliko akiketi. Kuketi ni salama zaidi kwa sababu wapo wanaopata kizunguzungu. Chagua mmoja, uandike kwenye fomu, na usiubadilishe mwaka unaofuata.

Urefu wa miguu nao ni sehemu ya mwili

Watu wawili wa sentimita 175 wanaweza kuwa na viwiliwili tofauti kabisa. Mapafu yako kifuani, hayako miguuni, lakini mlinganyo unahesabu urefu wote. Watu wengi wa asili ya Afrika wana miguu mirefu kulingana na kiwiliwili, na hiyo ni sehemu ya sababu ya FVC zao kuonekana ndogo zilipopimwa kwa viwango vya Wazungu. Sehemu tu, lishe ya utotoni, moshi wa kuni na maradhi ya kifua navyo vimo. Ukiwa na mgonjwa mwenye miguu mirefu sana na FVC iliyo chini kidogo ya mpaka, mpime urefu akiwa ameketi kabla hujamtisha. Na angalia spirometa yako inatumia mlinganyo upi: mtu yuleyule, pumzi ileile, anaweza kuvuka mpaka wa kawaida kwa kubadilishiwa mlinganyo tu.

Kwa wanaopimwa kila mwaka

Wafanyakazi wa migodi, viwanda vya saruji, mkonge na pamba hupimwa mapafu mara kwa mara ili vumbi ligunduliwe mapema. Hapa tepu ina kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Kijana aliyeajiriwa akiwa na kiuno cha sentimita 78 na miaka kumi baadaye ana 96, amepoteza kama mililita 230 za FVC kwa kiuno peke yake, juu ya zile zinazoondoka na umri. Bila tepu, kiwanda kitalaumiwa kwa kitambi, au kitambi kitalaumiwa kwa vumbi, na hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu mwajiri ana sababu ya kulipenda. Linganisha lita kwa lita, siyo asilimia tu. Uwiano wa FEV1 kwa FVC ukianza kushuka mwaka hadi mwaka kuliko inavyotarajiwa kwa umri, unene hauelezi hilo. Mfanyakazi apelekwe kwa daktari wa kifua mwezi huohuo, akiwa na karatasi zake zote za miaka iliyopita, na uzito na kiuno vikiwa vimeandikwa juu ya kila moja.